Mtafuta Madini Akifika Kijijini: Hatua za Kazi Yake na Haki za Mkazi

Wakazi wa kata zinazouzunguka Mlima Meru hukutana na madini kila siku pasipo kuyaita kwa jina hilo. Mawe ya kujengea, kokoto, moramu na mchanga unaosombwa na mito yote ni mazao ya volkano, na sheria inayahesabu kuwa madini ya ujenzi. Swali gumu zaidi huja pale wageni wanapofika na nyundo, ramani na mifuko ya sampuli, wakisema wanatafuta dhahabu, shaba na fedha. Makala haya yanaeleza kazi hiyo hufanyikaje, mlima wetu ni wa namna gani, na mkazi anapaswa kuuliza nini kabla hajatia sahihi karatasi yoyote.

Kwa nini madini hutafutwa katika milima ya volkano

Chini ya volkano hukaa mwamba ulioyeyuka kwa joto kali. Unapopoa, hutoa maji ya moto yenye chumvi, na maji hayo hubeba shaba, dhahabu na fedha yakipanda kupitia nyufa. Yakifika mahali penye ubaridi, huyaacha madini ndani ya nyufa, mara nyingi pamoja na jiwe jeupe la kwatzi. Kazi hii hutendeka chini kabisa ya ardhi, pengine kilomita moja au zaidi. Ili madini yaonekane, sharti mvua na upepo viulishe mlima kwa muda mrefu sana.

Ndiyo maana si kila mlima wa volkano una utajiri huo. Milima ya Andes nchini Chile, nchi inayoongoza duniani kwa uzalishaji wa shaba, imeota mahali ambapo sakafu ya bahari huzama chini ya bara na kuingiza maji mengi katika miamba iliyoyeyuka. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni zao la Bonde la Ufa, ambako ardhi inapanuka na kupasuka. Miamba yake ni ya jamii nyingine, yenye magadi mengi. Tena ni mlima kijana: mara ya mwisho ulilipuka mwaka 1910. Hata kama maji ya moto yangekuwa yameacha madini ndani yake, sehemu kubwa ingekuwa bado imefunikwa.

Mtu anaweza kuuliza: mbona jirani zetu wa Mirerani wana tanzanaiti? Jibu ni kwamba miamba ya Mirerani ina umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, nayo haikuzaliwa na Mlima Meru. Vivyo hivyo, dhahabu ya Geita na Bulyanhulu imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Miamba hiyo nayo ilikuwa volkano katika enzi za kale mno, na mgodi wa Bulyanhulu hutoa dhahabu iliyochanganyika na shaba na fedha. Mchanganyiko huo ndio makinikia yaliyojadiliwa nchi nzima mwaka 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wake kwenda nje.

Hata hivyo, mtaalamu mwaminifu hasemi kwamba haiwezekani. Huko Cripple Creek, katika jimbo la Colorado nchini Marekani, dhahabu nyingi ilipatikana ndani ya volkano iliyokufa zamani, yenye miamba inayokaribiana na ya Meru. Kwa hiyo msimamo wa haki ni huu: aina ya mlima wetu haitoi matumaini makubwa ya shaba, na kwa madini yoyote ya metali ni vipimo pekee vinavyoweza kutoa hukumu. Yeyote anayeahidi utajiri kabla ya vipimo anauza maneno.

Hatua za utafutaji

Hatua ya kwanza hufanyika mezani. Mtafutaji husoma ramani za miamba zilizotayarishwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yaani GST, pamoja na picha za satelaiti, akitafuta nyufa na maeneo ambayo miamba imebadilika rangi.

Hatua ya pili ni kuchukua mchanga wa mito. Maji yanaposhuka mlimani huchukua chembe za kila mwamba yanaoupitia, na maabara huweza kuzitambua. Wakazi wa Meru wanaijua kanuni hii kwa uchungu. Floraidi inayodhuru meno na mifupa ya watu wetu hutoka katika miamba ya volkano na kuingia katika maji, na kwa sababu hiyo kipo kituo cha utafiti cha Ngurdoto kinachoshughulikia njia za kuiondoa. Kama maji yanavyobeba floraidi, ndivyo mto unavyoweza kubeba habari za dhahabu iliyo juu yake.

Hatua ya tatu ni sampuli za udongo na mawe, zinazochukuliwa kwa mistari yenye vipimo. Ikiwa majibu yanatia moyo, huchimbwa mitaro mifupi ili mwamba uonekane. Hatua ya mwisho, iliyo ghali kuliko zote, ni uchorongaji: mashine hutoboa mwamba na kutoa vipande vyake kutoka kina kirefu.

Majibu ya maabara huhitaji kusomwa kwa makini. Dhahabu hupimwa kwa gramu katika tani moja ya mwamba. Jiwe lenye gramu 3 kwa tani laweza kuvutia kampuni kubwa, lakini mkulima hawezi kuiona dhahabu hiyo kwa macho. Shaba hupimwa kwa asilimia: nusu asilimia ni kilo 5 katika tani moja. Kinyume chake, jiwe linalong'aa sana kwa rangi ya manjano mara nyingi ni pairaiti, yaani chuma na salfa, lisilo na thamani ya dhahabu. Sampuli moja nzuri haithibitishi mgodi, na maeneo mengi yanayotafutwa duniani huishia bila mgodi wowote.

Leseni inaruhusu nini

Chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, madini yote ni mali ya umma, na hakuna anayeruhusiwa kuyatafuta wala kuyachimba bila leseni. Leseni hutolewa na Tume ya Madini. Leseni ya utafutaji wa madini ya metali hudumu hadi miaka 4 katika kipindi cha kwanza, na eneo lake laweza kufikia kilomita za mraba 300, yaani vijiji vingi kwa pamoja. Leseni hiyo inamruhusu mtu kutafuta. Haimruhusu kuchimba kwa ajili ya kuuza, wala haimpi umiliki wa shamba la mtu. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo ni ya Watanzania pekee, kwa madini ya metali haizidi hekta 10.

Sheria imeweka mipaka inayomlinda mkazi. Mwenye leseni anahitaji ridhaa ya maandishi ya mkaaji halali ili afanye kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba, ndani ya mita 50 kutoka shamba lililolimwa au lenye mazao, au ndani ya mita 100 kutoka josho au bwawa. Tufikiri juu ya kipimo hicho. Duara la mita 200 kuzunguka nyumba moja lina zaidi ya hekta 12, yaani ni kubwa kuliko leseni ndogo nzima. Katika miteremko ya Meru, ambako nyumba hukaribiana katikati ya migomba na kahawa, maduara hayo hugusana na kuingiliana. Kwa sehemu kubwa ya kata zetu, basi, kazi haiwezi kuanza kihalali bila wakazi kuulizwa.

Ridhaa hiyo si kufuli lisilofunguka. Ikizuiwa bila sababu ya msingi, sheria inaruhusu mamlaka ya juu kuingilia kati. Kwa hiyo mkazi anayekataa na aandike sababu zake: chanzo cha maji, mfereji, makaburi ya ukoo, mazao ya kudumu. Sababu iliyoandikwa hupimwa. Manung'uniko ya barazani hayaingii katika jalada.

Yapo pia maeneo yenye sheria zake. Hifadhi ya Taifa ya Arusha, inayolinda kilele cha Meru na kreta ya Ngurdoto, iko chini ya TANAPA. Misitu ya hifadhi nayo ina wasimamizi wake. Leseni ya madini peke yake haimfungulii mtu malango hayo.

Mambo ya kudai na kuuliza

Mgeni akifika, aanzie ofisi ya kijiji au ya mtaa na kwa Mtendaji wa Kata, aonyeshe leseni na kitambulisho. Namba ya leseni inaweza kuhakikiwa katika ramani ya leseni ya Tume ya Madini kwenye intaneti au kwa Afisa Madini Mkazi wa Mkoa. Asiye na leseni hana kazi ya kufanya shambani mwako.

Kwa ardhi ya kijiji, mwenyekiti hana mamlaka ya kuigawa peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu una sauti yake.

Kabla ya kutoa ridhaa, makubaliano yataje kwa maandishi: mashimo au mitaro mingapi, wapi, kwa muda gani, nani atafukia, maji ya kuchorongea yatatoka wapi, na mazao yatakayoharibika yatafidiwa kwa tathmini gani. Omba nakala na uitunze. Usiweke alama ya dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba wakati wa utafutaji hakuna mauzo, hivyo hakuna mrabaha wala gawio la kijiji. Ajira chache za vibarua zinaweza kupatikana. Ahadi za shule na zahanati ni za baadaye, iwapo mgodi utakuwepo, na hapo sheria humtaka mwekezaji kukubaliana na Halmashauri kuhusu mpango wa huduma kwa jamii.

Wilaya hizi zina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliziondoa familia za Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet aliifikisha hoja hiyo mbele ya Umoja wa Mataifa. Wazee hao walidai ardhi yao kwa hoja na kwa maandishi, wakati sheria haikuwa upande wao. Leo sheria inamtambua mkazi na inataka ridhaa yake. Ni wajibu wetu kuijua na kuitumia mapema, kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa.