Foleni ya Wagonjwa na Hesabu Yake

Mkulima wa alizeti wa Ikungi mwenye shinikizo la damu hutakiwa kurudi kliniki mara kwa mara. Akichoshwa na kungoja, huenda akaacha kurudi, na ugonjwa ukaendelea kimyakimya hadi kumletea kiharusi.

Je, foleni hutokana na uchache wa waganga peke yake? Mwaka 1952 Norman Bailey, mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, alionyesha kuwa wagonjwa wakipangiwa nyakati zinazolingana na kasi ya mganga, kungoja hupungua sana.

Tuchukue mfano wa kliniki mkoani Singida. Wagonjwa 24 wanafika pamoja saa 2 asubuhi, kila mmoja akihitaji dakika 10. Wa mwisho atangoja dakika 230. Sasa na waitwe 6 kila saa: wa mwisho katika kila kundi atangoja dakika 50 tu. Mganga ni yule yule, na kazi itakwisha saa 6 mchana vilevile.

Watokao mbali wapangiwe kwa kufuata saa za basi; mahututi watangulizwe daima.

Wanafunzi, tafuteni wastani wa kungoja katika kila hali. (Jibu: dakika 115 na dakika 25.)