Dege la Mifupa na Dege la Hofu

Mkiwa Handeni au Korogwe, litajeni neno "dege" mbele ya mama mwenye mtoto mchanga, nanyi mtauona uso wake ukibadilika. Maana wapo huko, kama pwani yote, waliopokea kwa wazee kwamba dege ni ndege mkubwa, au pepo mwenye umbo la ndege, apitaye usiku akamletea mtoto degedege.

Leo twawajulisheni dege mwingine, ambaye mifupa yake imeshikwa kwa mikono. Mwaka 1979 mwanachuoni wa Marekani, George Gaylord Simpson, alieleza habari za pengwini wa kale ambaye mifupa yake, iliyokwisha kugeuka mawe, ilipatikana Duinefontein, Afrika ya Kusini. Alimwita Dege hendeyi; na neno la kwanza Mswahili hahitaji mkalimani. Pengwini ni ndege asiyeruka. Mabawa yake ni makasia, na mifupa yake mizito humsaidia kupiga mbizi. Huyu aliishi yapata miaka milioni 5 iliyopita, kisha kizazi chake kikatoweka. Na huko New Zealand, mwaka 2023, ilitangazwa aina mpya ya Kumimanu, pengwini wa kale zaidi, aliyekadiriwa kufikia kilo 150. Mwenyezi Mungu aliwaumba, kisha akawaondoa, wala hapakuwa na mwanadamu wa kuwaogopa.

Je, dege la usiku lina mifupa wapi? Halina. Degedege ni mshtuko wa mwili uletwao na homa kali, na mara nyingi asili yake ni malaria, iletwayo na mbu. Dini yetu nayo imekataza kuamini nuksi ya ndege.

Korogwe yenyewe ni shahidi. Baina ya 2009 na 2014 watoto wake walikuwa miongoni mwa watoto zaidi ya 15,000, katika nchi 7 za Afrika, walioshiriki majaribio ya chanjo ya malaria, RTS,S. Na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Hata hivyo wapo wazazi wachao kwamba sindano itamwua mwenye degedege, wakatanguliza mafusho ya mganga. Saa hupita, na malaria haingoji. Mtoto akishikwa, mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Dua na isomwe, lakini isomwe njiani.