Baruku Akaandika Tena

Ndugu msomaji, waulize watoto wako nyumbani ni nani aliyemwua Goliati, nao watakujibu wote kwa sauti moja. Waulize habari za Musa, watakusimulia mpaka uji upoe. Lakini waulize: Baruku ni nani? Nadhani watakutazama tu, na labda wewe mwenyewe baba mtu utajifanya unatafuta kiko chako.

Hata hivyo kitabu cha Baruku kimo katika Biblia yetu sisi Wakatoliki, tena ni kifupi. Naye mwenyewe alikuwa karani. Basi mimi niliye karani wa parokia naomba ruhusa nimseme kidogo.

Karibu mwaka 605 kabla ya Kristo, nabii Yeremia alikuwa amezuiliwa asiingie Hekaluni. Akamwita Baruku mwana wa Neria, akamtamkia maneno yote aliyopewa na Mungu, na Baruku akayaandika kwa wino katika gombo. Siku ya kufunga, watu walipokusanyika Yerusalemu, aliyeyasoma mbele yao hakuwa Yeremia, alikuwa Baruku. Nayo yalikuwa maneno ya kumkasirisha mfalme, na asomaye ndiye aonekanaye. Wakuu waliposikia wakaingiwa na hofu, wakamshauri aende kujificha, yeye na Yeremia.

Mfalme Yehoyakimu alikuwa amekaa katika nyumba yake ya wakati wa baridi, jiko la makaa likiwaka mbele yake. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne za maandishi, alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Wakuu watatu walimsihi asilichome. Hakusikia.

Fikiri sasa. Siku zile hapakuwa na mashine ya kupiga chapa. Kila neno liliandikwa kwa mkono. Kazi yote ile imekuwa majivu, na mwandishi anatafutwa akamatwe. Yeremia akatwaa gombo jingine, akampa Baruku. Na Baruku akaandika tena, maneno yale yale yote, na mengine mengi yakaongezwa. Hatusomi kwamba alisema, “Mtafuteni mwingine.”

Mtu wa ofisi ya parokia ajua maana ya kuandika tena. Kitabu cha ubatizo kikiingiwa na mchwa, au paa likivuja juu yake, lazima mtu akae anakili jina baada ya jina: mtoto, baba, mama, msimamizi, padre, tarehe. Hakuna ampigiaye makofi. Lakini miaka 20 ikipita, kijana aliyehamia mbali ataka kufunga ndoa, na mstari ule mmoja ndio aombwao na padre.

Wala tusidhani kwamba Baruku hakuchoka. Sura ya 45 ya Yeremia, iliyo fupi kuliko zote za kitabu kile, yatuonyesha akinung'unika kwamba hapati raha. Mungu hakumpa cheo. Alimwambia asijitafutie makuu, maana nchi nzima inakwenda kubomolewa. Ila uhai wake atapewa popote aendapo. Waona ni mshahara mdogo? Yerusalemu ulipotekwa, karibu mwaka 587, wakuu wa Yuda waliuawa. Baruku alikuwa hai.

Katika siku zile za kuzingirwa mji yuko mwingine, Ebedmeleki, Mkushi, yaani mtu wa nchi iliyo kusini ya Misri, mtumishi katika nyumba ya mfalme Sedekia. Yeremia alikuwa ametupwa kisimani, hamna maji, matope matupu, naye akazama ndani yake. Wenyeji kimya. Mgeni huyu akamwendea mfalme alipokaa langoni, akamwambia waziwazi kwamba watu wale wametenda uovu. Akapewa watu 30 wa kumtoa nabii. Lakini kabla ya kwenda kisimani alipita ghalani, akachukua matambara na nguo kuukuu, akamteremshia Yeremia ayaweke makwapani chini ya kamba.

Mimi habari ya matambara haya siwezi kuisahau. Kamba peke yake ingalitosha kumtoa. Ni nani katika mji wenye njaa na vita aliyekuwa na nafasi ya kufikiri juu ya makwapa ya mfungwa? Watu wa namna hii wako katika kila kijiji. Yuko mama ampelekeaye mgonjwa uji, naye huuonja kwanza usimchome. Yuko afagiaye kanisa Jumamosi, akakumbuka kutandika mkeka pale wakaapo bibi wasioweza tena kupiga magoti.

Tertio sina mengi ya kumsema. Ndiye aliyeshika kalamu Mtume Paulo alipotamka Waraka kwa Warumi, na katika sura ya 16 ametia salamu zake mwenyewe, mstari mmoja, basi. Juu kidogo ametajwa Fibi wa kanisa la Kenkrea, mwanamke aliyewasaidia wengi, hata Paulo. Wengi husadiki kwamba ndiye aliyeuchukua waraka ule mpaka Roma.

Leo jioni, vyombo vikiisha kuondolewa, fungua kitabu cha Yeremia, sura ya 36, kisha 38, kisha ile fupi ya 45. Mpe asome yule mtoto ambaye kwa kawaida hapewi nafasi ya kusoma.