Tiba ya umeme: uliza kwanza dawa ya usingizi

Leo tunazungumzia jambo linalotisha: umeme kichwani. Wako watu waliokimbia mahali ambapo umeme ulitumika kutesa binadamu. Kwa hiyo mgonjwa wako akipewa rufaa kutoka Koboko kwenda Arua, au mbele zaidi hadi Butabika kule Kampala, na daktari akataja tiba ya umeme, ni haki yako kushtuka. Lakini kabla hujakataa au kutia sahihi, uliza: atalazwa usingizi kwa dawa gani?

Tiba hii ni ya mtu ambaye huzuni imemfikisha pabaya, amekataa kula na kunywa, au amekaa kama gogo, hasemi wala hageuki, na vidonge havijasaidia. Umeme kidogo hupitishwa kichwani kwa sekunde chache ili ubongo upate mtikisiko kama wa kifafa. Mtikisiko huo ndio unaotibu. Ilianza Roma, Italia, mwaka 1938, na miaka ile hapakuwa na dawa ya usingizi. Mwili ulirukaruka hadi wengine wakavunjika mifupa ya mgongo. Shirika la Afya Duniani linataka mtindo huo ukomeshwe.

Siku hizi sindano ni mbili. Ya kwanza ni ya usingizi. Ya pili, suksametoniamu, hulegeza misuli ili mwili usirukeruke. Misuli ikilegea, mgonjwa hawezi kupumua mwenyewe kwa dakika chache, ndiyo maana mtaalamu wa usingizi humpa oksijeni. Hebu fikiria mtu aliye macho, hawezi kupumua wala kupiga kelele! Kwa hiyo usingizi lazima utangulie.

Sasa dawa ipi? Ugumu uko hapa: dawa nyingi za usingizi huzuia degedege. Mama aliyeona mtoto wake akichomwa diazepamu wakati wa degedege anajua jinsi mtoto anavyotulia. Kwenye tiba hii, diazepamu ingezima kitu kile kile kinachotafutwa. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa, humwacha mtu aamke haraka akili ikiwa safi, lakini hufupisha mtikisiko na kushusha presha. Thiopentoni ni ya zamani zaidi. Nayo hufupisha kiasi, na uzito wake hukawia kutoka kichwani.

Ketamini iliidhinishwa Marekani mwaka 1970. Hospitali zenye vifaa vichache huipenda kwa sababu mgonjwa huendelea kupumua, tena haizimi mtikisiko. Ila hupandisha presha, na umeme wenyewe hupandisha presha, kwa hiyo mwenye moyo mbovu huingia hatarini. Wengine huamka wakiona maono ya kutisha. Mimi naona hilo lisipuuzwe kwa mtu ambaye tayari kila usiku anaota milio ya risasi. Mtaalamu hawezi kulijua usipomwambia.

Na mengi ya kuchagulia dawa unayo wewe uliyemleta mgonjwa. Sema kama ana presha au ugonjwa wa moyo, kama anatafuna mairungi au kunywa waragi. Peleka vidonge vyote anavyomeza, hata vya kienyeji. Kabamazepini ya kifafa, kwa mfano, hupunguza mtikisiko, lakini usimwachishe mwenyewe; daktari ndiye ataamua. Na kama yuko ndugu wa damu aliyechelewa kupumua baada ya opareshini, taja, kwa maana katika familia chache suksametoniamu hukawia sana kuisha mwilini.

Asile kwa saa 6 kabla ya sindano. Uji na maziwa ni chakula. Maji matupu aache saa 2 kabla. Tiba hurudiwa mara 2 au 3 kwa wiki, kwa kawaida mara 6 hadi 12, na kila mara ni kufunga upya. Akiamka anaweza kuumwa kichwa na kusahau mambo. Mengi hurudi, lakini baadhi ya kumbukumbu zinaweza zisirudi, na hilo pia aelezwe kabla ya sahihi, yeye mwenyewe kama anaweza kuelewa. Kama Kiingereza kinampita, ombeni mkalimani wa Kikakwa, Kilugbara, Kibari au Kilingala, na kalamu isubiri.