Swali si mashine tu: kuondoa vinyama vya utumbo kwa usalama, Kitale na Bungoma

1/ Kila msimu wa kampeni, kuanzia Kitale hadi Bungoma, ahadi ni ile ile: "Tutawaletea mashine ya kisasa." Makofi, utepe, picha. Leo tuchukue mashine moja tu, kamera ya kuangalia utumbo mpana, tuone kile hakisemwi jukwaani. Uzi 🧵

2/ Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama kinyama kidogo kwenye ukuta wa ndani. Hakiumi, hata huna habari nacho. Kugeuka saratani huchukua miaka. Daktari akikiona mapema kwa kamera, anakikata kwa kitanzi cha waya bila kupasua tumbo. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

3/ Lakini ukuta wa utumbo ni mwembamba, milimita chache tu. Ukikosea, unavuja damu ama unatoboka. Uchafu ukiingia tumboni, hiyo ni dharura ya upasuaji.

4/ Sasa usalama unatoka wapi?
• Utumbo usafishwe vizuri kabla. Usiposafishika, daktari haoni.
• Mgonjwa aulizwe kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda.
• Kinyama cha chini ya milimita 10 kikatwe bila umeme, maana joto linaweza kuleta damu siku kadhaa baadaye.
• Kikubwa kidungwe maji chini yake kiinuke kwanza.
• Vibanio vya kuziba kidonda viwe mkononi.
• Kamera isafishwe kikamilifu kabla ya mgonjwa anayefuata.

5/ Umeona? Karibu yote hayo ni watu na vifaa vidogo vinavyoisha. Havikatiwi utepe. Kumbuka 2015, serikali kuu ilipokodisha vifaa vya hospitali za kaunti. Baadaye Seneti ikachunguza, na kuna mashine zilikutwa zimekaa tu.

6/ "Basi wote waende Eldoret!" Pole pole. Kwa Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, hospitali za kaunti ni jukumu la kaunti, na za rufaa za kitaifa ni la serikali kuu. Kinyama kidogo mtu aliyefunzwa anaweza kukiondoa karibu na nyumbani. Kikubwa kilicholala bapa, busara ni kukiacha na kumtuma mgonjwa kwa aliyebobea. Lakini rufaa bila nauli ni karatasi tu.

7/ Makadirio ya bajeti lazima yafike bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kwenye vikao vya umma, uliza:
• Nani atashika kamera, na amefunzwa?
• Utumbo ukitoboka saa nane usiku, daktari wa upasuaji na damu vipo?
• Kinyama kitapimwa maabara gani, majibu lini?
• Vitanzi na vibanio vya mwaka wa pili viko kwenye bajeti?

8/ Mwenye majibu ya hayo manne ana mpango. Asiye nayo ana utepe na makasi. Na wewe ukiona damu chooni, usingoje kampeni. Nenda hospitali.