Mungu na Wafalme (3): Koreshi, masihi asiyemjua Mungu

Juma lililopita tulimwacha Sauli angali kwenye kiti cha enzi, ilhali mafuta yameshamiminwa juu ya kichwa cha kijana mchunga kondoo wa Bethlehemu. Leo tunatoka nje ya Israeli, twende kwa mfalme ambaye habari zake zimewasumbua wengi: Koreshi wa Uajemi.

Katika Isaya 45:1 nabii anamwita masihi, yaani mpakwa mafuta wa Bwana. Ni jina lilelile alilopewa Sauli, kisha Daudi. Katika Agano la Kale lote, hakuna mfalme mwingine wa mataifa aliyeitwa hivyo. Wala nabii hafichi jambo: mara mbili, mstari wa 4 na wa 5, Mungu anamwambia kwamba amemteua ingawa yeye hamjui.

Na kweli hakumjua. Mwaka 1879, Hormuzd Rassam alichimbua katika magofu ya Babeli kipande cha udongo wa kuchoma chenye umbo la pipa, urefu wake kama sentimita 22, kimejaa alama zinazofanana na misumari. Leo kimo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Humo Koreshi anaeleza alivyoingia Babeli mwaka 539 K.K. Anasema mungu Marduk, akiwa amemkasirikia mfalme Nabonido, alitazama nchi zote akitafuta mtawala mwadilifu, akamshika Koreshi mkono, akamwita kwa jina. Sasa fungua tena Isaya 45: kushikwa mkono kumo, kuitwa kwa jina kumo. Mtu ni yuleyule. Wanaobishaniwa ni waliomtuma.

Wahubiri wengine hukipenda mno kipande hiki, wakidai kinathibitisha kila neno la Ezra 1, ambapo Koreshi anawaruhusu Wayahudi warudi Yerusalemu kuijenga nyumba ya Mungu. Tusiende mbio. Yerusalemu haitajwi humo, wala Wayahudi. Kinachotajwa ni sanamu za miungu kurudishwa kwenye mahekalu yake, na watu wake kurejeshwa makwao. Wayahudi hawakuwa na sanamu ya kurudisha, basi walirudishiwa vyombo vya hekalu. Ezra anatuonyesha Mithredathi, mtunza hazina, akimhesabia Sheshbaza kimoja kimoja: sahani 30 za dhahabu, sahani 1,000 za fedha, visu 29. Jumla ya vyombo vyote, 5,400. Unabii mkubwa vile, na utimizo wake unaonekana katika orodha ya karani!

Je, waliokombolewa walifurahi? Isaya 45:9 yadokeza kwamba wapo walionuna. Nabii anawauliza kama udongo unaweza kumhoji mfinyanzi. Wengi wa wafafanuzi wanaona hapa manung'uniko ya watu waliotaka mkombozi wa ukoo wa Daudi, wakaletewa Mwajemi.

Hapa ndipo tunapokosea tunaposoma habari za Mungu kuinua watawala. Koreshi aliinuliwa kwa kazi: kufungua malango ya Babeli na kuruhusu nyumba ya Mungu ijengwe. Hakuna mahali ambapo kuinuliwa huko kunageuzwa kuwa cheti cha tabia yake au cha imani yake. Yeremia anakwenda mbali zaidi, anamwita Nebukadreza, mfalme wa Babeli, mtumishi wa Mungu (25:9), huyohuyo ambaye majeshi yake yalichoma hekalu. Kwa hiyo mgombea anaposimama madhabahuni na kutuambia kuwa yeye ni chaguo la Mungu, hata tukimkubalia, bado hajatuambia kama ni mtu mwema. Nebukadreza naye alichaguliwa.

Lakini je, kila anayetawala amewekwa na Mungu? Hosea 8:4 inataja wafalme waliowekwa bila Mungu kushauriwa. Mstari huo ndio makala ya juma lijalo. Kabla ya hapo, msomaji, isome Isaya 45 yote, usiishie mstari wa kwanza.