Rangi Itokayo Mizizini

Ijumaa moja, tukingoja adhana, jirani yangu alitandika msala mpya uliotoka Uturuki, akausifu kwa rangi zake. Mimi nikaukumbuka mkeka wa marehemu nyanya yangu, Mungu amrehemu. Yeye alichimba mizizi ya mdaa, akaiponda, akaichemsha pamoja na ukindu mpaka ukageuka mweusi. Baadaye rangi za pakiti zikaingia madukani, na mdaa ukasahauliwa.

Kumbe hao Waturuki nao yaliwafika yayo hayo. Katika vijiji vya karibu na mji wa Ayvacık, watu hufuga kondoo, na wanawake husokota sufu na kufuma mazulia. Tangu kale rangi nyekundu waliipata katika mmea uitwao kökboya, maana yake rangi ya mzizi. Lakini mwaka 1856 Mwingereza William Perkin alitengeneza rangi kutokana na lami ya makaa ya mawe. Rangi za viwandani zikaenea kila pembe, na ujuzi wa mimea ukafifia.

Mwalimu mmoja wa kemia, Mjerumani Harald Böhmer, alichunguza nyuzi za mazulia ya kale akatambua mimea iliyotumika. Mingi ilikuwa ikiota papo hapo vijijini! Mwaka 1981 ukaanzishwa mradi wa kuwafundisha wanavijiji upya.

Kazi yenyewe haitaki pupa. Sufu huoshwa hata mafuta yatoke, kisha huchemshwa kwa shabu ili rangi ishike. Mizizi iliyokaa ardhini miaka mitatu hivi hukaushwa, husagwa, hutiwa katika maji ya moto pamoja na sufu. Moto ukizidi, wekundu huharibika ukawa hudhurungi. Wanavijiji wa huko waliunda chama chao cha ushirika, na mazulia yao yakauzwa hata Ulaya na Marekani.

Wahenga walinena, maji yakimwagika hayazoleki. Ya Ayvacık yalizoleka kwa kuwa mazulia ya kale yalikuwapo kutoa ushahidi. Mkeka wa nyanya yangu tuliutupa ulipochakaa, wala sikumwuliza mizizi mingapi, wala muda gani motoni.

Basi msomaji mpenzi, ikiwa kwenu yuko mama mkongwe aijuaye kazi hii, keti naye leo baada ya alasiri, umwulize.